Guu Lililovunjika Halikuwa Langu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, na siwezi kuisimulia kabla ya kuwataja waliokuwepo. Nilikuwepo mimi, Teresia, mtoto wa kwanza wa marehemu Kosmasi wa Mkuyuni. Alikuwepo Karoli, mdogo wangu anayenifuata. Alikuwepo Tomasi, jirani yetu wa kule kwetu, mwenye mabega mapana kama mlango. Alikuwepo Mwajuma, rafiki yangu wa mjini, asiyechoka mikono wala mdomo. Na alikuwepo Mzee Maganga, mlinzi wa kiwanda. Watu watano. Ukiona nimeanza kwa kuhesabu watu, usicheke. Sisi tulicheka, na ndiyo maana leo nahesabu.

Nakuambia kweli, nayaandika haya nikiwa nimechoshwa. Juzi nilitoka Mkuyuni alfajiri, na magoti yangu haya, nikaenda hadi njia ya Dakawa ambako Baraka, mtoto wa Karoli, anabomoa kinu cha zamani na wenzake. Nikawakuta wameinama chini ya ukuta mrefu, wanang'oa matofali ya chini. Ya chini. Kofia ngumu walizopewa zimetundikwa kwenye usukani wa pikipiki. Mmoja amesimama pembeni na simu, anangoja ukuta uanguke apate video. Nikawaambia kilichonipeleka. Baraka akanishika bega, akasema, "Shangazi, kazi hii tunaijua. Punguza presha."

Presha yangu imepimwa zahanati ya Mkuyuni, mwanangu, na haishuki kwa kuambiwa. Nikarudi nyumbani. Sasa naandika, kwa kuwa nimeona kusema kwangu ni kumwaga maji juu ya jani la gimbi.

Sasa sikiliza.

Mama yetu alitangulia, baba akamfuata kabla hata mwaka haujapita. Mimi nilikuwa darasa la tano. Niliziacha daftari zangu dirishani, nikidhani nitarudi mvua zikipungua, na sikurudi. Nyuma yangu alikuwa Karoli, kisha Yustina, kisha Fides ambaye alikuwa bado anabebwa mgongoni. Mjomba Aloisi, kaka yake mama, ambaye kwa desturi yetu ndiye mwenye neno juu yetu, alitaka kutugawa: huyu aende Matombo, huyu Kinole, huyu abaki naye. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wake saba na shamba lenye mteremko kama paa. Nikamwomba asitugawe. Nikamwambia nitalima, nitapika, nitawalea. Akakubali, akisema tutaona.

Tuliona miaka mingi. Nililima magimbi na ndizi, nikauza mananasi gulioni, Yustina na Fides wakasoma. Lakini nyumba ya baba ilikuwa ya miti na udongo, na masika ya kwetu huijui vizuri mpaka ikulambe ukuta. Mwaka ule upande wa jikoni uliporomoka wote, tukalala wanne kwenye chumba kimoja na mbuzi. Mjomba akaja, akatazama, akasema maneno machache. Akasema ikifika masika nyingine bila nyumba ya kueleweka, atawachukua wadogo na kuwagawa kama alivyotaka tangu mwanzo. Hakuongeza sauti. Angeongeza sauti ningebishana naye.

Ndipo Mwajuma akaniletea habari kutoka mjini. Kulikuwa na kiwanda cha kukamua mafuta, kimezimwa zamani, na mtu aliyekinunua alikuwa anataka kiwanja tu. Mashine ameshazitoa. Kilichobaki upande wa nyuma ni nyumba ya boila, yaani ya jiko la mvuke, ya matofali ya kuchoma, mekundu, mazito, ukiyagonga yanalia kama kengele. Alitaka iondoke kabla ya mvua. Atakayeibomoa achukue matofali, chuma abakishe. Mwanangu, sikulala. Niliyaona matofali yale yakipanda kule Mkuyuni safu baada ya safu, na Yustina na Fides wakiwa ndani yake.

Tukashuka mimi, Karoli na Tomasi. Mwajuma akajiunga nasi. Getini tukamkuta Mzee Maganga.

Mzee Maganga alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, aliyefika Morogoro na reli akiwa kijana. Kiwanda kile alikitumikia tangu kilipokuwa kipya. Alikuwa mpika boila, maana yake yeye ndiye aliyewasha moto na kuulinda mvuke. Kilipozimwa, wenzake wote waliondoka. Yeye akaachwa awe mlinzi wa vitu alivyokuwa akiviendesha. Sasa unajua, au kama hujui nakuambia, kwamba sisi Waluguru na Wanyamwezi ni watani. Mtani anaweza kuja kwenye msiba wa mama yako akalala juu ya kaburi akidai alipwe ndipo aondoke, nawe ukacheka huku machozi yanatiririka. Tulipomwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na kabla hatujavuta pumzi akauliza ni nani amewafungulia nyani wa mlimani. Tukampenda hapo hapo. Na kumpenda kwetu ndiko kulikotuponza, maana tangu siku ile kila neno lake tulilipokea kwa kicheko.

Asubuhi ya kwanza alisimama kwenye uwazi wa ile nyumba akatutaka majina. Hakuwa na daftari. Alituita mmoja mmoja, na kila mmoja alitakiwa aitike "nipo" ndipo aingie. Jioni alituita tena tukitoka. Alisema ndivyo walivyofanya enzi za boila kila zamu, kwa kuwa usipojua nani ameingia hutajua nani hajatoka. Mwajuma akaanza kuitika kwa sauti ya mbuzi. Kesho yake Karoli naye akaitika kama mbuzi. Tomasi akawa anaitika jina la Karoli. Mzee akatuvumilia kama mtani anavyovumilia.

Alitueleza na mambo mengine. Juu ya ile nyumba, kwenye mihimili miwili ya chuma iliyolala juu ya kuta, palikuwa na tangi kubwa la maji ya boila. Akasema halijamwagwa tangu moto ulipozimwa. Lina maji, na chini ya maji lina tope la miaka. Kwanza lazima mtu apande akafungue koki. Tukapanda, tukaikuta koki imeganda kwa kutu. Tungeipaka mafuta, tungengoja, tungejaribu tena, ingeondoka siku nzima. Mimi ndiye niliyesema tuiache. Nilisema siku nzima ya kumwaga maji yasiyo na mwenyewe ni siku ya matofali iliyopotea.

Akasema pia kwamba nyumba huvuliwa kutoka juu. Kilichowekwa mwisho ndicho hutoka kwanza. Akauliza, "Hata mlevi akivua nguo, mmewahi kumwona anaanza na ya ndani?" Tulicheka mpaka Mwajuma akakaa chini. Tulishika mlevi na nguo zake. Habari ya kuanzia juu ikapita.

Na hapa nikueleze ujinga wetu ulikotoka, maana haukuwa ujinga wa bure. Kwetu milimani shamba hulimwa kutoka chini. Unasimama chini ya mteremko, uso unautazama mlima, jembe linapanda nawe unapanda nalo, na udongo unashuka miguuni pako. Ukimwona mtu ameanzia juu unajua ni mgeni. Ataporomoka na udongo wake mwenyewe. Hivyo ndivyo baba alivyotufundisha, na baba yake alimfundisha hivyo. Mikono yetu haikujua njia nyingine. Tena matofali ya chini ndiyo yaliyokuwa mazuri, yasiyoguswa na moshi wala mvua, na mtu aliyafikia bila ngazi. Siku ya tatu, Mzee alipokwenda msikitini kuswali adhuhuri, niliwaambia wenzangu tuanzie chini, upande ule ulio karibu na uwazi ambao mwenye kiwanja aliuvunja alipotoa boila. Ukuta wenyewe ulikuwa tayari na jeraha. Tukalipanua.

Kazi ilikwenda, mwanangu. Wee, ilikwenda. Matofali yalitoka mazima mazima. Mwajuma akiyakwangua chokaa huku anaimba, Tomasi akigonga tindo, Karoli na mtaimbo, mimi nayapanga kwenye toroli huku nahesabu: hili la chumba cha Yustina, hili la jikoni. Mzee aliporudi, safu tano za chini zilikuwa zimekwisha karibu upande mzima, na ukuta umesimama kwa pembe zake na kiburi tu.

Alisimama akatutazama. "Nyie Waluguru," akasema, "mmeona ukuta mkadhani ni mlima. Mnaulima."

Tomasi akamjibu kwamba Mnyamwezi atajua nini habari ya kulima, kazi ya babu zake ilikuwa kubeba mizigo ya watu kutoka bara hadi pwani. Tukacheka. Mzee hakucheka.

"Watani zangu, leo sitanii."

Hilo likatuchekesha zaidi, maana hakuna mtani duniani asiyeanza utani wake kwa kusema leo sitanii. Akaniacha nicheke nimalize. Kisha akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Teresia, wewe ndiye mkubwa wao. Watoe."

Sasa nitakuandikia nilichomjibu, ingawa sipendi kukiona kwenye karatasi. Nilikuwa na jua kichwani, nilikuwa na masika mbele yangu na Mjomba nyuma yangu. Nikamwambia, "Babu, mlinzi hulinda geti. Rudi getini."

Aligeuka, akaenda kukaa kwenye pipa lake getini, akatupa mgongo kidogo, kisha akageuka akatutazama tena. Mwajuma aliacha kuimba. Sikujua kwa nini kaacha, na sikumuuliza.

Haukupita muda mrefu. Juu ya ukuta, mahali mhimili ulipolala, vumbi la chokaa likaanza kuchuruzika, jembamba, kama unga unaovuja kwenye gunia. Mimi nililiona, mwanangu. Nataka ujue kwamba nililiona. Nikajiambia ni upepo. Mzee naye akaliona kutoka kule getini, na yeye hakujiambia kitu. Alikuja mbio akitaja majina.

Hakusema tokeni. Hakusema hatari. Alisema, "Mwajuma. Tomasi. Teresia. Karoli." Baadaye alinieleza kwamba ukimwambia mtu toka, atauliza kwa nini, ukimwita jina lake, mwili humwitikia kabla ya akili. Mwajuma aliangusha tofali akatoka. Tomasi akatoka na tindo mkononi. Mimi nilijikuta nimesimama nje nimeshika mikono ya toroli. Karoli alikuwa ndani kabisa, mtaimbo wake umenasa kati ya matofali, anauvuta. Aliposikia jina lake akaitika "nipo", kwa ile sauti ya mbuzi, kama asubuhi. Akabaki palepale.

Mzee akaingia.

Ukuta haukuanguka kama mti, polepole, na mlio wa kuaga. Uliketi. Uliketi chini kama mtu aliyechoka, mihimili ikateleza, na tangi likaja na maji yake yote. Tope jeusi lilitufikia miguuni likinuka kutu. Vumbi likafunga macho. Mimi, kwa mara ya kwanza tangu tuanze kazi ile, nikaita majina kwa moyo wangu wote. Mwajuma akaitika. Tomasi akaitika. Karoli akaitika huku anakohoa, amelala kifudifudi kwenye uwazi alikosukumwa, bega limechunika. Wanne. Nikanyoosha mikono juu nikasema, tena kwa sauti, "Asante Mungu, tumetoka wote."

Mwajuma ndiye aliyeuliza. "Na babu?"

Majina manne aliyataja yeye mwenyewe. La kwake hakulitaja mtu. Hata mimi niliyekuwa nahesabu sikumhesabu. Tulimkuta mhimili umelala juu ya mguu wake wa kulia, chini ya goti. Tukauinua kwa mtaimbo uleule wa Karoli. Hakulia. Alimtafuta Tomasi kwa macho, akamwambia, "Umesema Mnyamwezi ni mbeba mizigo. Haya, leo nibebe wewe." Tomasi akambeba mgongoni hadi barabarani, analia njia nzima kwa sauti, na ule mguu unaning'inia.

Hospitali waliukata.

Wazee wana methali uliyoisikia tangu hujaota meno: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Walimu huiandika ubaoni. Mimi ninayo kesi nayo. Mimi ndiye sikusikia la mkuu. Magoti yananiuma kwa uzee, lakini miguu yangu miwili hii hapa, nimeinyoosha chini ya meza. Guu lililovunjika ni la mkuu mwenyewe, aliyesema, aliyeona, aliyeonya. Ndiyo maana vijana hawaiogopi methali ile, kwa sababu kila mmoja anadhani guu litakalovunjika ni la kwake, na la kwake yuko tayari kulichezea. Hakuna aliyekuambia kwamba mara nyingi linavunjika la mtu aliyekuja kukutoa.

Nilimwendea Mjomba Aloisi nikamweleza yote, na lile neno la geti nikamweleza. Yeye akachukua jogoo na mkungu wa ndizi, tukaenda wote hospitali. Mjomba akasema maneno ya kuomba radhi kwa niaba ya ukoo, kwa taratibu, vizuri. Mzee Maganga akamsikiliza mpaka mwisho, akasema jogoo amekonda kama Mluguru mwenyewe. Halafu akamwomba Mjomba atuache wawili.

Nikapiga magoti nikamuuliza nimlipe nini. Akasema kwanza anautaka mguu wake. Sikujua kama anatania. Akaona sijui, akanihurumia.

"Nilitaja majina manne wakatoka," akasema. "Wewe uliona lile vumbi hukutaja hata moja. Basi niletee majina manne. Watu waliotoka chini ya ukuta kwa sauti yako. Si waliosikia, Teresia. Waliotoka."

Nikadhani ni deni jepesi.

Alipopata magongo, alirudi kwenye kiwanda kile, akakalia lile pipa lake, lakini safari hii tulilisogeza mahali anapoona ukuta wote. Tulibomoa zile kuta tatu zilizobaki jinsi alivyotaka. Asubuhi aliita majina, nasi tukaitika kwa sauti za binadamu. Kila bomba lililobaki tulilifungua tukaliacha limwage kilichomo kabla ya kulikata. Pamba nyeupe iliyofungwa kwenye mabomba kuzuia joto, asbesto kama wanavyoiita, alitukataza kuigusa kabisa. Alisema wapika boila wenzake wawili walikufa kwa kifua, akamlazimisha mwenye kiwanja alete watu wanaoijua, nao wakaja wameziba pua na mdomo wakailowesha kwanza. Kisha tukapanda na ngazi na kamba za katani, tukaanza safu ya juu, tofali moja moja, tunashusha kwa kapu. Ilichukua muda mara nne ya ule niliopanga. Lakini masika ilipofika, nyumba ya Mkuyuni ilikuwa imefika linta, juu ya madirisha. Mjomba alikuja, akagonga tofali kwa kidole likalia, akaenda zake. Habari ya kugawana watoto sikuisikia tena. Yustina ni nesi leo. Fides ana wajukuu. Nyumba ipo.

Deni nalo lipo.

Jina la kwanza lilinichukua miaka, mwanangu. Nilikuwa naona mtu yuko chini ya ukuta au anakata tangi la mafuta kwa gesi bila kulisafisha, namwambia, ananishukuru, naondoka nimefurahi. Nikimpelekea Mzee habari, anauliza, "Alitoka?" Nasema alinishukuru. Anasema shukrani si kutoka. Mwisho nilimpata Abdala, fundi wa kuchomelea, aliyetaka kukata tangi lililokuwa na mafuta ya taa. Nilipoona maneno hayafai nilipanda juu ya lile tangi nikakaa, na khanga yangu, mchana kutwa, watu wanapita wanatazama, mpaka akaona haya akalisafisha na kulijaza maji kwanza. Mzee akasema huko nako ni kutoka. Huyo mmoja. Wa pili na wa tatu ni Pili na kaka yake, waliokuwa wakichimbua matofali chini ya dohani mbovu. Niliwaita majina yao wakatoka, na siku ya tatu dohani ikalala yenyewe bila mtu chini yake. Nilikwenda Kingolwira, anakoishi Mzee siku hizi kwa binti yake, nikampa majina yale mawili kwa mpigo. Alifurahi kama mtu aliyeletewa mahari. Kisha akasema, "Bado moja."

Hilo moja nimelitafuta, mwanangu, mpaka nimechoka kulitafuta. Watu wananisikia siku hizi kuliko zamani, wananipa na kiti. Wanasema bibi ana hekima. Kisha wanarudi chini ya ukuta. Wengine wameniita niseme nao, wakapiga makofi, na kofia zao ngumu ziko mapajani.

Na Baraka. Huyu Baraka anayeniambia nipunguze presha ni mtoto wa Karoli. Karoli alimpata miaka mingi baada ya siku ile. Ina maana kijana yule anatembea duniani kwa mguu wa mtu mwingine. Nilimwambia hivyo juzi. Akasema anajua, baba amemsimulia mara nyingi, ni hadithi nzuri. Hadithi nzuri! Nikasimama kwenye uwazi wa ule ukuta nikaita majina yao, wote watano, kama nilivyofundishwa. Wakatoka, kweli wakatoka, wakicheka. Yule mwenye simu akasema tupige picha na bibi. Tukapiga picha. Halafu wakarudi ndani. Baraka ndiye aliyetangulia.

Nimefikiri njia nzima ya kurudi kama nitaweza kumpa Mzee jina hilo. Alitoka, si alitoka? Lakini najua atakachoniuliza, na najua nitakachomjibu.

Kwa hiyo sikia, wewe unayesoma, huenda una tindo mkononi au mwanao anayo. Kiwanda kikizimwa hakijafa, kimenyamaza tu. Maji yake yamo, mafuta yake yamo, na uzito wake wote ungali unaning'inia pale ulipoachwa. Kabla hujakigusa, mtafute aliyekuwa akikiwasha, hata kama leo ni mlinzi wa geti, hata kama mdomo wake umejaa utani. Mwulize nini kimebaki ndani. Kimwage. Anza na kilichowekwa mwisho, hata kama cha chini ndicho kitamu. Kila asubuhi taja majina ya wanaoingia, na la kwako ulitaje pia, na aitike kila mtu kwa sauti yake. Ukiona vumbi linachuruzika, usijiambie kitu. Na mtani wako akikuambia leo hatanii, toka kwanza, umcheke ukiwa nje.

Mungu akupe masikio kabla hajakupa nguvu. Akupe mzee wa kukukemea, na akupe miguu miwili ya kuzeekea. Ujenge nyumba ambayo kila tofali lake limeshuka kwa mkono, na watakaolala ndani yake wasiwe na jina la mtu wa kulilia. Bwana akutangulie kila unapoingia, akuhesabu kila unapotoka.

Kesho ni Ijumaa, siku yangu ya kwenda Kingolwira. Nitampelekea Mzee Maganga magimbi na ugoro wake. Nitamwamkia shikamoo, ataniitikia, atauliza kama nyani wote wa mlimani hawajambo. Kisha ataweka gongo lake pembeni na kunyoosha kidole kimoja, bila kusema neno.

Nami sina jina la kumpa.